Maji ya Kusukutulia

Mimi ndiye muonja maji wa bonde letu la Chokocho, na kabla yangu alikuwa mama, na kabla ya mama alikuwa mama yake. Kazi yenyewe si kubwa. Mvua za masika zikishapiga wiki moja, wanawake wenye makonde ya mpunga hukutana bondeni asubuhi, tukachimba shimo dogo kwenye pembe ya chini kabisa, ile inayopakana na mikoko. Maji yakishatuama ndani yake mimi huyaonja. Nakwenda sijatia kitu tumboni. Nasukutua mara tatu kwa maji ya kisima changu ili kinywa kiwe safi, nachota kwa kiganja, naonja, natema. Nikisema "Tieni," watu wanatia mbegu. Nikisema "Ngojeni," wanangoja mvua isuuze ardhi. Kwa miaka ishirini na sita sijabishiwa hata mara moja, wala si kwa sababu napendwa sana, maana ulimi wangu una makali mengine yasiyohusiana na chumvi.

Basi mtu kama mimi atafurahi vipi kuona binti wa juzi anakuja na kijiti cha plastiki kunifundisha maji?

Binti huyo ni Ummkulthum, mtu wa Wete, anasoma chuo kikuu Unguja. Amekuwa akija kwetu tangu mwaka juzi. Alifukia mabomba ya plastiki wima, kumi na mawili, kuanzia ukingo wa mikoko hadi karibu na barabara, na kila mwezi hutia kijiti chake ndani ya kila bomba na kuandika. Halafu hupiga magoti ndani ya mraba wa kamba akahesabu majani. Naam, majani. Mwanzo tulimcheka, tukasema chuo kimekosa kazi za kuwapa watoto wa watu. Lakini hana makuu, huvua viatu akiingia kwenye konde la mtu na hula chochote anachopewa, kwa hiyo tukamzoea.

Mwaka huu alinikuta nasafisha tuta la konde langu la chini, wiki moja kabla ya siku ya kuonja.

"Bi Mwanawema," akasema, "nakuomba msitie mbegu upande wa chini. Maji yamezidi chumvi. Bomba la nne limefika nne na nusu, na maji yakipita tatu mpunga unaanza kuugua."

"Mie kipimo changu hichi hapa," nikamtolea ulimi. Kisha nikainama, nikachota maji ya mtaroni, nikaonja mbele yake. "Matamu haya. Hicho kijiti chako katie betri mpya."

Alicheka, lakini hakurudi nyuma. Akaniuliza, "Vyura wa hapa bondeni, mara ya mwisho umewasikia lini?"

Nilipokuwa mdogo, mvua ya kwanza ikinyesha vyura hao walipiga kelele hadi mwalimu wa chuo cha Kurani akalazimika kupaza sauti tumsikie anavyotusomesha. Mwaka jana walilia? Mwaka juzi je? Nikamwambia wamechelewa tu, watakuja.

Akanichukua hadi katikati ya konde la jirani yangu Asya, akanionyesha mche usiozidi kiganja, una majani mawili mazito. Niliujua. Ni mchu, mti wa mikokoni, na kutoka hapo hadi mikoko ilipo ni hatua themanini.

"Nimehesabu kumi na tisa," akasema. "Mwaka juzi hapakuwa na hata mmoja. Na magugu ya ndago yaliyokuwa yakiwasumbua yamepungua nusu. Ndivyo inavyokuwa, mama. Kisichoweza chumvi kinaondoka kidogo kidogo, kinachoweza kinaingia, na mtu akitazama anaona bonde ni lile lile."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikasirika kwa sababu siku moja kabla niling'oa miche miwili ya namna ile na kuitupa pamoja na magugu, nisijiulize imefikaje.

Kilichonikera zaidi kilikuwa mwaka jana. Mwaka jana nilisema "Tieni," na mpunga wa makonde ya chini ukaungua ncha, ukatoa masuke matupu. Tulisema ni wadudu. Wengine wakasema ni jicho la husuda. Asya ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa kuwa alitia mbegu ya marehemu mama yake, mpunga mwekundu ambao siku hizi huupati kwa mtu yeyote huku kusini. Alibakiwa na vibaba viwili tu. Hivyo vibaba viwili vilikuwa vinangoja neno langu, na mimi nilijua kwamba nikisema "Tieni" atavitia vyote.

Swali la vyura likaniganda. Asubuhi ya pili nikamwita Ummkulthum uani kwangu, nikamwambia, "Njaribu. Usinambie kitu, mie nionje tu."

Akapanga vikombe vitano juu ya kinu nilichokifudikiza, kila kimoja kina karatasi chini yake. Nikasukutua mara tatu kwa maji ya kisima, kama ada yangu. Cha kwanza kilikuwa chapwa, maji yasiyo na ladha kabisa, nikamwambia hivyo. Cha pili kitamu. Cha tatu kitamu. Cha nne kina chumvi kwa mbali, cha tano hakinyweki.

Akageuza karatasi moja moja. Cha tatu kilikuwa maji ya bomba la nne.

"Na cha pili?" nikamuuliza.

"Cha pili nimechota kisimani mwako, Bi Mwanawema. Kinakaribia tatu."

"Kwa hiyo ulimi wangu umekufa?"

Alifikiri. Nilipenda kwamba alifikiri, hakunijibu kwa haraka ili anifurahishe. "Ungekufa usingetambua cha nne," akasema. "Kinachonishangaza ni kile cha kwanza. Yale ni maji safi ya dukani, na wewe umeyaona yana kasoro. Kwa nini? Mie mwenyewe sijui."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu Hafidh, mwenye duka Mtambile, mbali na mikoko. Kila nikienda kwake namlalamikia chai. Namwambia chai yako chapwa, mke wako anaogopa majani. Miaka minne, mitano sasa, chai ya Hafidh chapwa. Lakini zamani nilikuwa naisifu.

Siku ile ile nikajaza chupa maji ya kisimani, nikapanda gari hadi Mtambile. Sikumweleza Hafidh kitu. Nilimiminia kikombe, nikamwambia kunywa. Alipiga funda moja, akakimbilia nje akatema karibu na ngazi ya duka.

"Dada! Umenipa maji ya bahari?"

"N'ya kisimani kwangu. Ndiyo ninywayo."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Tangu lini yamekuwa hivi?"

Swali jingine la lini. Nikawapa wateja wawili waliokuja kununua unga, mmoja akakunja uso, wa pili akaniuliza kama nimekosana naye. Wote watu wa Mtambile. Nyumbani ningewapa watu hamsini maji yale na wote wangeyashukuru.

Sikuondoka. Nilitaka kujua mwisho wake. Nikakaa kwenye benchi la Hafidh tangu saa tatu hadi baada ya Alasiri, nakunywa maji yake ya mfereji wa koki na mengine sigusi. Mwanzo chapwa. Adhuhuri bado chapwa, ila kidogo. Baada ya Alasiri nikanywa na kuona ni maji tu, maji kama maji. Hapo nikafungua chupa yangu, nikaonja maji ninayoyanywa kila siku ya maisha yangu.

Yalikuwa na chumvi. Nikatema mchangani, nikaogopa.

Nilielewa papo hapo, wala sikuhitaji mtu wa chuo. Bahari ilikuwa inaingia bondeni kwa chini, na kisima changu kiko pembezoni mwa bonde hilo hilo. Vyote viwili vilipanda pamoja, mwaka baada ya mwaka, na mimi kila mwaka nilisafisha kinywa kwa kimoja ili nionje kingine. Nilikuwa kama fundi anayepima ukuta kwa kamba inayorefuka.

Nikampigia simu Ummkulthum. "Mwezi tuliotia mbegu mwaka jana, bomba la nne lilikuwa ngapi?"

Nilisikia akifunua kurasa. "Nne kasoro."

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika kwenye ripoti, Bi Mwanawema."

"Ripoti inapandwa? Inaliwa?"

"Mwaka jana sikujua kuwa wewe ndiye unayeamua," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani kila mtu anatia kwa wakati wake. Sikuuliza."

Nilitaka kumpa maneno yake, na ninayo mengi. Lakini mimi nilikuwa nampita kila mwezi amepiga magoti pale na sikuwahi kumuuliza anapata nini katika yale mabomba. Nikamwambia aje bondeni siku ya kuonja, nikakata simu.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kushuka bondeni, nionje, niseme "Ngojeni," na mambo yakaisha. Vibaba vya Asya vingepona, mimi ningebaki muonja maji, na mpunga wa mwaka jana ungebaki umeuliwa na wadudu. Nililifikiria hilo siku tatu nzima, na nilitamani sana kulifanya.

Nilichofanya ni hiki. Hafidh aliniletea madumu matatu ya maji ya Mtambile. Jioni kabla ya siku yenyewe nikayagawa nyumba kwa nyumba, nikawaomba wenye makonde wanywe hayo tu, wasiguse mengine hadi asubuhi. Walidhani ni mambo ya chuo, wakakubali kwa ajili ya Ummkulthum. Wawili walilalamika kuwa chapwa.

Asubuhi tulikuwa wanawake tisa bondeni, na Ummkulthum kando na daftari lake limefungwa. Asya alikuja na vibaba vyake viwili amevifunga kwenye pembe ya kanga. Shimo likachimbwa, maji yakatuama. Wakasogea kunipisha kama kawaida.

"Leo siwaonjei," nikasema. "Sukutueni kwa maji ya dumu hili, muonje wenyewe. Asya, anza weye."

Asya akanitazama kama niliyepatwa na homa. Akasukutua, akachota, akaonja. Akatema upesi, akachota tena, akaonja tena kana kwamba kiganja chake ndicho kilichomdanganya.

"N'chumvi," akasema.

Wakafuata wengine. Hakuna aliyesema ni matamu. Mmoja akasema yarabi, mwingine akauliza kama kuna mtu kamwaga kitu, na Ummkulthum akawaeleza kidogo kuhusu mabomba na miche ya mchu. Walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza. Lakini Asya hakuwa anamsikiliza yeye.

"Bi Mwanawema," akasema, "mwaka jana yalikuwaje?"

Ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye. Watu wangeitikia, na wangekuwa wamesema kweli.

"Yalikuwa hivi hivi," nikasema. "Mie niliyaona matamu, nkawambia tieni. Hakukuwa na wadudu wala jicho. Mbegu ya mama yako nimeiua mie, Asya."

Nilingoja anitukane, na ningemshukuru, kwa sababu matusi nayaweza. Hakunitukana. Alishika lile fundo la kanga kwa mikono miwili.

"Konde langu jingine liko juu, karibu na barabara," nikamwambia. "Vitie huko. Lote lako mwaka huu."

Asya akaliokota dumu miguuni pangu, akachukua jembe, akapandisha bonde peke yake hadi kwenye konde langu. Sote tulikuwa tunamtazama. Akachimba shimo, akachuchumaa akingoja maji yatuame. Akasukutua mara tatu, akachota kwa kiganja, akaonja. Kisha akampungia mkono Ummkulthum, na yule binti akaenda mbio na kijiti chake, wakakiinamia pamoja.

Asya akafungua fundo la kanga, akaanza kutia mbegu. Wanawake wengine wakapandisha mmoja mmoja kumfuata, kila mtu akataka dumu lifike kwake aonje maji ya konde lake mwenyewe. Mimi nilibaki juu ya tuta nangoja kuulizwa, na hakuna aliyeniuliza.