Ukuta Usiofika Darini

Chumba cha chai cha wodi ya mifupa kilitenganishwa na wodi yenyewe kwa ukuta wa mbao ambao haukufika darini. Juu yake iliachwa nafasi wazi, na waliouweka walikuwa na sababu yao: wauguzi wakiwa kwenye chai waweze kumsikia mgonjwa akiita. Kila aliyeajiriwa alionyeshwa nafasi ile siku yake ya kwanza. "Mwili upumzike hapa, masikio yabaki kule," alikuwa akisema Mkuu wa wodi, mama wa makamo aliyevaa viatu visivyotoa sauti. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba waliolala kule nao walikuwa na masikio.

Kiti kilichoegemea ukuta huo kilikuwa cha Redio. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu aliweza kutoa sauti ya mtu yeyote: daktari wa upasuaji anayeongea kama anakimbia mvua, mfamasia anayevuta maneno mpaka unasinzia, hata mlango wa stoo uliokosa mafuta. Sauti hiyohiyo ilimpa kazi nyingine. Asubuhi, kabla ya kupokeana zamu, wauguzi walisimama duara wakaomba, na Redio ndiye aliyeongoza. "Ee Mungu, tupe mikono ya upole na ndimi za upole," alisema, na hata waliofika na usingizi machoni waliitikia amina iliyoshiba. Hakuwa mnafiki. Aliomba kwa moyo wake wote, kisha akasahau, kama wengi wetu tunavyosahau tukishafumbua macho.

Upande wa pili wa ukuta, kichwa chake kikikaribia kuugusa, alilala mzee aliyevunjika paja. Alikuwa amefungwa vyuma ndani ya mguu, na daktari alikuwa amekataza kabisa asisimame peke yake. Kabla ya kustaafu alikuwa mpokea simu wa ofisi kubwa, na adabu ya simu haikumtoka. Meno yake ya bandia yalikaa kwenye bilauri juu ya kabati, kwa hiyo maneno yake yalitoka na filimbi kidogo.

"Mwanangu," aliita, "samahani. Kama huna kazi nyingi, na kama haitakuwa usumbufu, na kama wenzako hawajakutuma mahali, naomba lile kopo."

Kopo lenyewe lilikuwa la mkojo. Wauguzi walimpa mzee jina la Mzee Samahani, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la mapenzi.

Siku moja kwenye chai, Mlingoti, muuguzi aliyelazimika kuinama kila anapopita mlangoni, alijitupa kitini. "Jamani, Mzee Samahani ataniua. Nimeacha bandeji ya mtu inaning'inia nimekimbia, nafika, bado yuko kwenye 'kama wenzako hawajakutuma'."

"Angalau wewe umefika," alisema Mama Pacha, ambaye alikuwa na watoto mapacha nyumbani na usingizi wa kudokoa. "Redio, hebu washa basi. Tuchangamke."

Redio aliweka kikombe chini. Akafunika meno kwa midomo, akalegeza shingo.

"Mwanangu," akasema, na filimbi ikatoka vilevile ilivyo. "Samahani. Kama huna kazi nyingi, na kama mjomba wako hajambo, na kama huko kwenu mvua imenyesha vizuri..." Akasita, akatazama mapajani kwake kwa huzuni kubwa. "Basi mwanangu, usijisumbue. Limeshajileta lenyewe."

Mlingoti alipaliwa na chai. Mama Pacha alipiga meza kwa kiganja, machozi yakimtoka. "Rudia hapo kwa mjomba," aliomba, na Redio akarudia, safari hii akiongeza mkono unaotetemeka kuelekea kopo lisilokuwepo.

Kuanzia siku iliyofuata, mzee hakuita tena.

"Leo kumetulia kule," alisema Mlingoti.

"Labda kopo na yeye wamegombana," alisema Mama Pacha, wakacheka kidogo, kisha kila mtu akaenda kwenye shughuli zake.

Redio ndiye aliyeona kwamba maji ya mzee hayapungui. Jagi lilijaa mpaka shingoni, kama lilivyoletwa asubuhi.

"Mzee, mbona hunywi maji? Mfupa hauungi kwa ukavu huo."

"Sina kiu, sista."

Alisema sista, si mwanangu. Redio alihisi kuna kitu kimepungua, kama mtu anayerudi nyumbani akakuta chombo kimehamishwa asijue ni kipi. Alimmiminia maji kwenye kikombe, akaondoka. Aliporudi kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Jambo lenyewe alilijua akiwa ameinama kwenye mshono wa mzee, anabadilisha bandeji, wakati wenzake wamekwenda chai. Sauti ya Mama Pacha ilishuka kutoka juu ya ukuta, karibu kama amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Leo redio imezimwa, hakuna matangazo. Mimi ile ya Mzee Samahani bado inanichekesha mpaka nikiwa jikoni."

"'Limeshajileta lenyewe,'" alijibu Mlingoti, akijaribu kuiga, akaiga vibaya.

Mikono ya Redio ilisimama juu ya bandeji. Alisikia vijiko vikigonga vikombe. Alisikia mtu akipuliza chai yake ipoe. Kila kitu kilisikika. Aliinua macho polepole na kumwona mzee anatazama dari, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri wageni waondoke ili apate kufunga mlango.

Hapo ndipo angesema. Badala yake alisema, "Ngoja nikalete plasta," ingawa plasta ilikuwa pale kwenye trei. Akaenda kusimama chumba cha kusafishia vyombo vya wagonjwa, katikati ya mabeseni, uso ukiwaka. Alijaribu kuomba. Akaanza, "Ee Mungu, tupe," na aliposikia ni sauti ileile nzuri ya asubuhi, akaiacha sala njiani. Alirudi na plasta, akamaliza kazi bila kumtazama mzee usoni. Alijiambia kwamba kesho atamwambia, akiwa ametulia.

Kesho yake, wakati wa chai, Mama Pacha alikuwa amebaki wodini, na wengine walikuwa bado hawajamaliza vikombe vyao waliposikia kishindo na bilauri ikivunjika. Walimkuta mzee sakafuni kati ya kitanda na kabati. Shuka lilikuwa limemzonga mguu mzima, suruali yake ilikuwa imelowa, na meno yake ya bandia yalikuwa yameteleza mpaka chini ya kitanda cha jirani. Hakulia. Alikuwa anajaribu kuvuta shuka afunike mapaja.

Walimwinua kwa uangalifu. Mshono ulikuwa umeachia kidogo na kutoa damu. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba vyuma havijasogea, na daktari alisema wamshukuru Mungu, maana akianguka hivyo mara nyingine hatatembea tena.

Mkuu aliwaita kwenye chumba cha chai. Hakukaa.

"Nani alikuwa wodini?"

"Mimi," alisema Mama Pacha. "Lakini Mkuu, hakuita. Nilikuwa vitanda vitatu tu kutoka kwake. Naapa hakuita."

"Mzee huyu anaita mpaka wodi ya jirani inaitikia. Leo asiite kwa nini? Nimemuuliza mwenyewe, anasema hakutaka kusumbua. Mtu hawezi kuanza kuogopa kusumbua hivihivi. Umemjibu nini?"

"Sijamjibu kitu, Mkuu."

"Umechoka, ninajua. Watoto hawalali. Lakini mgonjwa akikuita ukamkaripia, hilo siwezi kulifunika. Itabidi niliandike."

Mama Pacha akaanza kulia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia watoto wakiwa wamelala.

Redio alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo umegusa mbao. Alijua kwamba akisema hapo, kila neno litapanda juu ya ukuta na kushukia kwenye mto wa mzee. Aliwaza kuomba watoke nje. Kisha akaona kwamba hilo nalo lingekuwa kujificha.

"Si yeye, Mkuu. Ni mimi."

"Wewe hukuwepo wodini."

"Nilikuwa hapa. Nilimwiga. Namna anavyoomba kopo. Nilimfanya kichekesho, na yeye alikuwa amelala hapo," akaelekeza kidole nyuma yake, "na huku na kule kunasikika sawasawa. Tangu siku hiyo hajaita mtu. Maji aliacha ili asihitaji kuita. Jana nilijua, nikakaa kimya."

Mlingoti alitazama nafasi ile juu ya ukuta kama anayeiona kwa mara ya kwanza, halafu akashusha kichwa chini kabisa, yeye na urefu wake wote.

"Tulicheka sote," alisema kwa sauti ya chini.

Mkuu alikaa sasa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sare yake kwa muda mrefu. "Nilikuwa ofisini," alisema. "Nilisikia kicheko. Nikasema moyoni, angalau leo wanangu wana furaha. Sikuja kuuliza kinachochekwa." Akavaa miwani. "Nitaandika, na jina nitakaloandika ni lako, Redio. Lakini hilo ni la ofisi. Umemsema mzee wa watu kupitia juu ya ukuta. Radhi utaiomba kwa kupitia mlangoni."

Redio alipita mlangoni. Mzee alikuwa amebadilishwa nguo, na meno yake yaliyooshwa yalikuwa kwenye kikombe cha plastiki. Redio alivuta kiti akakaa, ili asiongee naye akiwa amesimama juu yake.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi."

"Umeshaomba. Nimesikia." Aliinua kidevu kuelekea ukutani.

"Ile nilikuwa namweleza Mkuu. Hii ni yako."

Mzee alikunja ukingo wa shuka, akaukunjua.

"Kwanza nilidhani ni mimi," alisema. "Nilidhani nimesinzia nikaita usingizini. Nikaona haya, nimewasumbua watoto wa watu wakiwa kwenye chai. Nikajiandaa kusema samahani. Ndipo mkacheka."

Machozi yalimjia Redio, akayakataa, kwa kuwa hakutaka mzee aanze kumbembeleza. Alimjua, angembembeleza.

"Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Mimi husali, sista, na anayesali hana ujanja hapo." Alikaribia kutabasamu, lakini tabasamu halikuja. "Ila nikitaka kuita sasa, nikifungua mdomo tu, nasikia sauti yako. Naona nitakuwa ninajiigiza mwenyewe."

"Lakini ni lazima uite, mzee. Ukianguka tena..."

"Daktari ameniambia."

"Ita kwa namna yoyote. Gonga kitanda. Piga mluzi."

Mzee aliwaza. "Neno moja litatosha?"

"Litatosha."

Asubuhi iliyofuata duara liliposimama, wote walimtazama Redio. Alitikisa kichwa. Mlingoti akaomba badala yake, sala fupi yenye kigugumizi, na Redio akaitikia amina macho yakiwa sakafuni. Hakuona kama amenyang'anywa kitu. Alijiona kama mtu aliyeazimwa chombo kizuri akakitumia vibaya, na mwenye chombo amekuja kukichukua kwa upole.

Mzee aliita. "Kopo," alisema, kavu, macho yanatazama pembeni. Aliyekuwa karibu alikwenda mbio. Hakukuwa tena na samahani, wala kama huna kazi nyingi, wala wenzako hawajakutuma. Neno moja lilitosha kweli, na kazi ilikwenda haraka kuliko zamani. Redio alipolisikia alitamani kuziba masikio. Mtu mwenye adabu kuliko wote mle wodini sasa aliongea kama mdai mkali, na yeye ndiye aliyemfundisha.

Chai alianza kuinywa amesimama mlangoni, upande wa wodi. Kiti chake kilibaki kitupu, hakuna aliyekikalia.

Siku moja alikwenda kumgeuza mzee ubavu. Alitaka kumwomba ruhusa kama inavyopasa, na maneno yakaja yenyewe: "Mzee wangu, samahani, kama hutajali, na kama..." Akasikia anachosema. Damu ikampanda usoni mpaka kwenye masikio. Hata adabu alikuwa ameiharibu. Hangeweza tena kuisema bila kuonekana anaigiza.

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alitazama sana, kama anayesikiliza laini mbovu ya simu ajue kuna mtu au hakuna.

"Nigeuze tu," alisema.

Alimgeuza taratibu, akamwekea mto katikati ya magoti, akamimina maji. Mzee alikunywa nusu ya kikombe. Redio aliokota trei yake na kuondoka. Alikuwa amekaribia mlango wa chumba cha chai, ambako vijiko vilikuwa vikigonga vikombe na watu wakiongea kwa sauti ndogo, aliposikia nyuma yake.

"Samahani."

Aligeuka. Mzee alikuwa amefumba macho, kama anayejaribu mguu kabla ya kuukanyagia.

"Samahani," alirudia. Akasubiri. Upande wa pili wa ukuta vijiko vilinyamaza. Hakuna aliyecheka. "Kopo."

Redio aliweka trei chini, akaenda kulichukua.