Geji ya Mzee Mvuke

Tangu astaafu kutoka kiwanda cha sabuni, alikolilisha kuni na kulinywesha maji boila la mvuke ujana wake wote, Mzee Mvuke alikuwa hajui aiweke wapi mikono yake. Basi akaanza kuvivisha shaba vitu vya nyumbani. Saa ya ukutani ikatoka matumbo nje, gia zote hadharani. Redio ikaota mabomba. Rimoti ya televisheni ikawa nzito kama nyundo, na ikikudondokea kidole cha mguu utamtaja aliyeitengeneza. Mkewe, msusi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Mawimbi, aliyameza yote hayo, maana ya nyumbani hubaki nyumbani.

Lakini saluni ilikuwa yake. Asubuhi hiyo alikuta mlango u wazi na mumewe kapiga magoti, spana mkononi, anakaza skrubu ya mwisho. Draya, ile ya kofia ambayo wateja huketi chini yake nywele zikauke, ilikuwa imevishwa shaba kuanzia utosini. Ilikuwa na mabomba mawili yasiyofika popote, na mbele yake geji ya boila, kama saa ya mshale mmoja yenye rangi tatu: kijani, njano, nyekundu.

"Baba, umenimaliza! Leo bibi harusi anakuja na shangazi yake. Yule akininunia, ukoo mzima unahamia saluni ya jirani."

"Nimeipendezesha tu, mama."

"Na hiyo saa inasoma nini?"

"Joto la ndani. Geji isiyosoma kitu ni uongo, na mimi sifungi uongo."

Kabla hajaamuru vitolewe, wageni wakaingia. Shangazi alicheka mpaka akashikilia mlango.

"Hii ni saluni au gari moshi? Nani kakufanyia hivi?"

Haya zilimpanda Mama Mawimbi mpaka masikioni. "Fundi mmoja tu, wa hapa mtaani."

Mzee Mvuke alisikia. Aliinama akaanza kukusanya spana zake moja moja. Mama Mawimbi alichomwa moyo kumwona hivyo, ila neno lilikwisha kutoka, na kulirudisha mbele za watu hakuweza.

Bibi harusi, kichwa kimejaa rola, akaketi. Draya ikanguruma. Punde akalalamika, "Mama, naungua masikio."

"Vumilia, mwanangu. Urembo ni kazi." Hivyo ndivyo Mama Mawimbi alivyowajibu wateja wote, miaka nenda miaka rudi.

Mshale ukapita njano, ukaingia nyekundu. Mzee Mvuke alitupa mfuko wa spana, akachomoa waya ukutani.

"Samahani, mama mwenye saluni," alisema kwa adabu zote, kama mtu baki. "Kiwandani mshale ukifika hapo tulikuwa hatuulizani. Tunakimbia."

Akafungua mgongo wa draya, na kwenye matundu ya hewa akavuta bonge la nywele kubwa kama mkate. Shangazi akashika sikio lake.

"Kumbe! Ndiyo maana mwaka juzi nilibabuka hapa hapa, ukaniambia nivumilie!"

Draya ikawashwa tena. Mshale ukapanda kwenye kijani, ukatulia humo, na bibi harusi akafumba macho kwa raha.

"Fundi huyu nampataje?" shangazi akauliza. "Nina pasi inaunguza kila kitu."

Mama Mawimbi alimtazama mumewe, nywele za watu zimemganda kwenye kipara. Lile "mama mwenye saluni" lilikuwa bado linamlia masikioni.

"Humpati," alisema. "Ni mume wangu. Nilikudanganya pale mwanzo, niliona haya, na sasa naona haya zaidi. Pasi yako ilete, ila utapanga foleni nyuma yangu."

Mzee Mvuke akafuta kioo cha geji kwa shati, ingawa kilikuwa safi.

"Lakini baba," mkewe akamnong'oneza, "haya mabomba mawili ni ya nini hasa?"

"Hayo ni urembo," alijibu Mzee Mvuke. "Vumilia."