Posa ya Maneno

Jumatatu, kabla hata chai ya ofisini haijachemka, Mzee Simeo aliingia kwenye chumba cha ustawi wa jamii pale Handeni, amevaa kaunda suti yake ya kanisani na mkononi ana mfuko wa salfeti. Mwaija alimwamkia, akamvutia kiti. Mzee alikuwa ametoka Bungu alfajiri, kashuka mlima hadi Korogwe, kapanda gari jingine, lakini hakuwa mtu wa kuanza na shida. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, na za mvua ya Handeni, ambayo kwa maoni yake haijawahi kustahili jina hilo. Kisha akafungua mfuko, akatoa doti ya kanga ikiwa bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, na kilo mbili za sukari, akavipanga mezani juu ya mafaili.

"Nimetumwa," alisema. "Yule mama anarudisha vitu vyako. Anaomba maneno yake."

Kanga Mwaija aliitambua, kwani aliinunua mwenyewe sokoni Korogwe mwezi wa pili. Sukari hakuitambua. Mzee Simeo, asiyependa kuacha jambo nusunusu, alieleza kwamba ile ya kwanza ililiwa na hii ni badala yake.

 Mwaija alikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka kumi na sita, mwanamke aliyesuluhisha ndoa za watu kata kwa kata huku yake ikimshinda, na hilo alilisema mwenyewe kabla watu hawajamsemea. Miaka sita iliyopita alijiandikisha kusomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii katika chuo kimoja Dar es Salaam. Ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka wa pili mama yake aliugua, wa tatu akamzika, wa nne akahamishwa kituo, wa tano akabadilishiwa msimamizi. Chuo kilimwongezea muda mara mbili, na barua ya mara ya pili ilisema kwa ufupi kwamba hakutakuwa na ya tatu. Tasnifu ifike Ijumaa hii, la sivyo usajili unafutwa na yeye anaanza upya kama mtu aliyekuja jana. Kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa kinasubiri cheti hicho hicho. Wenzake wawili, ambao yeye ndiye aliyewafundisha kujaza fomu walipoajiriwa, walikuwa na vyeti vyao tayari, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa radhi kukiri.

Utafiti wake ulihusu mabibi wanaolea wajukuu baada ya mama zao kwenda mijini kufanya kazi za ndani. Alipata mabibi kumi, kuanzia Kerenge hadi Bungu. Tisa walimpa majibu ya adabu: tunamshukuru Mungu, tunavumilia, serikali ituangalie. Majibu kama hayo angeweza kuyaandika mwenyewe bila kupanda mlima. Wa saba kwenye orodha alikuwa Bi Dorkasi wa Bungu, na huyo siku ya kwanza hakumpa jibu lolote. Alimtazama, akamwambia kwamba labda kwao Uzigua mtu huingia tu na kudai kitu cha ndani cha mwenzake, lakini hapa anayetaka binti hutuma mshenga, na maneno ya mtu mzima hayana thamani pungufu ya binti.

Basi Mwaija akatafuta mshenga. Alielekezwa kwa Mzee Simeo, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi na ambaye tangu astaafu alikuwa na hamu ya kutumwa. Mzee alichukua kanga na sukari, akachelewa wiki nzima kwa makusudi ili mambo yaonekane mazito, akarudi na habari kwamba posa imekubaliwa.

Siku ya mazungumzo Mwaija alisoma fomu ya ridhaa kama alivyozoea, haraka na kwa sauti moja, maana wale tisa walitia sahihi kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Bi Dorkasi alisikiliza amefumba macho hadi mwisho. Kisha akaomba arudiwe kipengele kimoja: kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na kila alichokitoa kitarudishwa au kuharibiwa. Alirudiwa. Akamgeukia Mzee Simeo kuhakikisha naye amesikia, ndipo akatia dole gumba. Alizungumza alasiri mbili mfululizo. Sura ya nne ya tasnifu ilisimama juu ya maneno yake kama nyumba juu ya nguzo moja, na msimamizi, mtu aliyekuwa mchoyo wa sifa, aliandika pembeni kwa wino mwekundu: hapa sasa.

Mwaija alimuuliza Mzee Simeo kuna nini, nani kamkosea nani. Mzee akajibu kwamba hajui, na kwamba hata angejua, karatasi ilisema sababu haiulizwi. Akaaga.

Msimamizi alipopigiwa simu alikohoa kwanza. Alisema dole gumba lipo, jina limebadilishwa, uchambuzi umekwisha, na watu wa maadili ya utafiti wanaweza kulivuta jambo hili upande wowote. Alisema pia kwamba kutoka Bungu hadi maktaba ya chuo ni mbali, na hakuna bibi atakayekuja kukagua rafu. Uamuzi ni wake Mwaija, lakini Ijumaa ni Ijumaa.

Mwaija alikasirika. Alimkasirikia bibi, akamkasirikia mshenga, akaikasirikia fomu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jumanne nzima alijaribu kuiondoa sehemu ile na kuona kinachobaki. Zilibaki kurasa za shukrani na uvumilivu, na tasnifu ya namna hiyo isingefika popote. Jioni akaamua kwenda kumbembeleza. Angembadilishia jina mara ya pili, angebadilisha kijiji, idadi ya watoto, hata mlima wenyewe angeuhamisha. Alitoa nakala ya mazungumzo yale neno kwa neno, akaweka kurasa kwenye bahasha ya kaki ili aonekane amekuja kwa nia njema.

Jumatano saa saba alifika Bungu, amefuatana na Mzee Simeo. Bi Dorkasi alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo pamoja na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kilemba cha mjini. Mwaija alimjua kabla ya kutambulishwa. Alikuwa Loveness, mtoto pekee wa bibi, ambaye alikwenda Dar kufanya kazi za ndani akimwacha mwanawe Janeth ana mwaka mmoja. Alikuwa amerudi mwezi wa saba, moja kwa moja, baada ya miaka kumi na mitano ya kuosha vyombo vya watu. Janeth, sasa kidato cha tatu, alikuwa shuleni. Alikuwa akimwita bibi yake mama, na mama yake dada.

Salamu zilipokwisha, Bi Dorkasi aliuliza kama maneno yameletwa. Mwaija alisema yameletwa, ila anaomba kwanza wazungumze kidogo.

"Vitu vikirudishwa hufunguliwa mbele ya mshenga, vionekane ni vyenyewe," alisema bibi. "Soma."

Mwaija alimtazama Loveness. Miaka kumi na sita ya kazi ilimfanya aseme, kwa upole, kwamba mama, haya ni ya siri, huyu dada angetupisha kidogo.

"Huyo ndiye mwenyewe. Nilikosea, nikampa mgeni kabla ya mwenyewe. Tangu arudi nimejaribu mara tatu, mdomo unakataa. Wewe unayo yote, tena kwa mpangilio. Soma, mwanangu."

 Mwaija akatoa kurasa, akasoma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kahawa, wa mume aliyefariki, wa bati lililoezuliwa na upepo. Loveness aliendelea kuchambua. Hata Mzee Simeo alitikisa kichwa hapa na pale, kama mtu anayekagua mzigo na kuukuta kamili. Kwenye ukurasa wa nne Mwaija alipunguza mwendo, lakini hakuona pa kusimama.

"'Alipokuja kumchukua, mtoto alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amepata tajiri aliyekubali akae na mtoto kazini. Anakohoa. Siku mbili kabla hajafika nilimpeleka mtoto Kwashemshi kwa dada yangu. Loveness alipofika nikamwambia, mwanao kasikia unakuja katoroka, anakuogopa, hakutaki. Akalala siku moja, akaondoka. Hakuja tena kwa miaka sita. Kimya kirefu. Mtoto hakukataa. Nilipomwambia mama yako anakuja, alifunga nguo zake mwenyewe kwenye mfuko akakaa nao mlangoni. Hata Kwashemshi alikwenda nao, akidhani ndiko kwa mama yake. Niliogopa kula peke yangu. Basi. Hakuna lingine.'"

Alisoma yote kama yalivyoandikwa, hata vidokezo vyake mwenyewe vya "anakohoa" na "kimya kirefu", kwa kuwa hakujua aache kipi. Ukurasa huo alikuwa ameusoma labda mara arobaini. Aliupigia mstari wa kijani, akaupa jina la kitaalamu la maneno matano, na siku alipolipata jina hilo alifurahi, akajipikia pilau. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake.

Mikono ya Loveness ilikuwa imesimama ndani ya maharage.

"Alifunga nguo gani?" aliuliza.

"Gauni la njano," alisema Bi Dorkasi. "Na kandambili zako ulizoacha."

 Loveness aliinuka, akachukua ungo, akaingia nao ndani, ingawa maharage yalikuwa hayajachambuliwa hata nusu. Hakuna aliyemfuata. Wakasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria na ukuni ukisukumwa jikoni. Bi Dorkasi hakulia. Alinyoosha mikono yote miwili, na Mwaija akampa zile kurasa.

Hotuba aliyoitunga njiani hakuitoa. Alifungua simu, akafuta sauti ya bibi aliyoirekodi alasiri zile mbili, mbele ya Mzee Simeo, ambaye alitaka aone kwa macho yake japo miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Mzee akatamka kwamba pande zote hazidaiani. Mwaija alipoaga, bibi alimshika mkono kwa muda, akamwambia asalimie kwao. Loveness hakutoka.

Alhamisi alifuta sura ya nne. Katika jedwali la washiriki, kwenye mstari wa saba, aliandika: alijitoa. Ijumaa alikituma chuoni kilichobaki pamoja na barua ya maelezo. Msimamizi alipiga simu, hakuwa mkali, alitaka tu kuelewa ni sababu gani hasa ya kumgharimu mtu miaka sita. Mwaija alisema fomu hairuhusu kuuliza.

Mwezi wa kumi na mbili wenzake wa chuoni walivaa majoho, na picha zao zikajaa kwenye simu yake. Aliwapongeza mmoja mmoja. Cheo alipewa mmoja wa wale wawili, akawa anamsainia ruhusa. Tasnifu ilikataliwa, na Mwaija alijiandikisha upya, akakaa darasani na watoto waliomwita mama, na kulipopambazuka mwaka mwingine akaruhusiwa tena kwenda kwa watu.

Bibi wa kwanza alikuwa wa Kerenge, mcheshi, mwenye shughuli nyingi na kuku barazani. Mwaija alianza kusoma fomu. Hakuwa amefika hata mstari wa tatu bibi alipokwisha kuichukua kalamu na kuuliza asaini wapi. Mwaija akamwondolea kalamu mkononi, taratibu, akaiweka mbali naye, akaanza tena juu.