Upande na Saa

Fundi baiskeli alimtandika kaka yake ngumi ya kwanza kabla penseli haijafika ukingo wa ramani.

Ramani ilikuwa juu ya meza ya kazi, imekandamizwa kwa minyororo na kopo la grisi. Kaka, mwalimu wa jiografia ambaye hufundisha hata asipoulizwa, alikuwa akichora njia na kueleza kwamba mwezi ujao watavuka nchi kwa baiskeli kutoka magharibi kwenda mashariki, upepo ukiwasukuma mgongoni, wamalize safari iliyokatika mwaka jana. Upande uleule. Barabara ileile ambako kitindamimba wao aligongwa na lori kwa nyuma, saa moja asubuhi, dereva haoni kitu kwa jua la machoni.

Mwaka mzima Fundi alitaka jambo moja tu: kaka yake akiri kwamba ndiye aliyemuua mdogo wao. Badala yake analetewa penseli! Alimkaba koo, akamgongesha kichwa mezani mara mbili, damu ikachuruzika hadi kwenye ramani. Mwalimu naye si wa kuonewa. Alimpiga teke la tumbo lililomkata pumzi, wakaangukia rundo la rimu za magurudumu, wakagaragazana na kuumana kwa meno, watu wazima na vipara vyao. Fundi akaikamata spana, akamshushia ya bega, mfupa ukalia. Akaiinua tena, sasa akililenga paji la uso.

"Umemuua kwa upepo wako," alisema. "Kubali."

Mwalimu hakujikinga. Alitema jino.

"Upande nilichagua mimi. Hilo sikatai. Lakini mimi nilitaka tutoke saa nne, jua limeshapanda. Nani alisema tutoke alfajiri?"

Spana iliganda hewani. Fundi alikumbuka vizuri kabisa. Alisema yeye, wasije wakakutwa na joto njiani, na alipobishiwa aliwacheka wenzake kuwa wanapenda shuka. Mdogo wao ndiye aliyemuunga mkono. Alikaa chini penye grisi, akatamani apigwe yeye.

Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mama yao anajua hilo.

"Aliniuliza siku ya mazishi ni nani aliyepanga saa," alisema Mwalimu, akilishika bega lake. "Nikamwambia ni mimi. Hajanifungulia mlango tangu siku ile."