Kopo la Vizibo

"Mwalimu mzima, na mvi zote hizo, bado unafundishwa?"

Jirani aliuliza hivyo akianika nguo, kibanio mdomoni. Mama Mwalimu akamjibu kwamba Mungu mwenyewe hajamaliza kumfundisha, sembuse wizara.

Alichomficha ni kwamba mkaguzi alikuwa amemwandikia vibaya. Alimkuta akiwahesabisha watoto wa darasa la kwanza kwa vizibo vya soda, akaandika kuwa mbinu zake zimepitwa na wakati, na kopo la vizibo akaondoka nalo kama ushahidi. Sasa ni mafunzo ya siku tatu na cheti, la sivyo ahamishiwe stoo ya vitabu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita. Stoo haina mtoto hata mmoja.

Na kopo lile, marehemu mumewe ndiye aliyelitoboa kifuniko kwa msumari, matundu saba, vizibo visishike kutu.

Siku ya kwanza mwezeshaji, bwana mwenye tai, aliwasomea maandishi yaliyomulikwa ukutani kwamba mwalimu asiwasomee wanafunzi bali awashirikishe. Alisoma mpaka saa ya chai. Siku ya pili alisoma kwamba wanafunzi wasikalishwe muda mrefu. Mama Mwalimu miguu ilikufa ganzi, akamshukuru Mungu kwa kuwa bado anayo.

Siku ya tatu mwezeshaji akatangaza zana mpya, iliyobuniwa na wataalamu makao makuu. Akafunua kitambaa.

Mama Mwalimu akahesabu matundu ya kifuniko. Saba.

Mwezeshaji akauliza nani atajaribu. Mwalimu wa kiti cha pili akamgusa kwa kiwiko.

"Nenda, mama. Si ndiyo kesi yako hii?"

Akaenda. Akawagawa watu wazima makundi manne, akawamwagia vizibo mezani, wakajumlisha, wakatoa, wakaoneana wivu kama watoto. Mmoja alishikwa akificha vitatu mfukoni.

"Mmeona?" mwezeshaji akasema. "Siku tatu tu za mafunzo."

Akampa cheti cha kwanza kabisa, wino haujakauka. Mama Mwalimu akakisoma taratibu, jina lake na darasa lake, akakikunja. Kisha akakusanya vizibo kimoja kimoja, vile vitatu vya mfukoni akavidai kwa kunyoosha mkono tu, akafunga kifuniko.

"Mama, samahani," mwezeshaji akasema kwa upole, "zana hiyo ni mali ya ofisi."

Mama Mwalimu akalitia kopo mkobani, juu yake akaweka kitabu chake cha sala, akavuta zipu, akatoka.