Wembe wa Nyumba Nzima

Baba yangu alikuwa katekista huko Iringa, kwa hiyo mimi sijachanjwa chale. Nilijivunia hilo sana siku ile ya mwaka sabini na saba, pale Rujewa, shemeji yangu Limbu alipovimba tumbo upande wa kulia na macho yake yakawa manjano. Mama mkwe, Mayu Kashindye, alisaga dawa akatuita wote uani. Kwa wakwe zangu Wasukuma, ubaya ukiingia nyumbani huchanjwa nyumba nzima, na huanza mgonjwa. Alianza Limbu, akafuata mume wangu Bujiku, kisha binti yangu Tekla, mwenye mwaka mmoja na nusu. Wembe ulikuwa ule ule, unafutwa tu kwa kitambaa.

"Mimi hapana," nilisema.

"Wewe kaa na rozari yako," Mayu alinijibu. "Lakini huyu mtoto ni wetu. Mshike mkono asirukeruke."

Nikamshika. Niliukinga mwili wangu, wa mtoto nikautoa, kwa sababu niliogopa kuitwa mke mwenye kiburi.

Dawa haikumsaidia Limbu. Baada ya miezi miwili tulimpeleka hospitali ya misheni, upande wa Iringa, amebaki mifupa na tumbo. Daktari Sedekia alimpapasa, akasema ni kansa ya ini, tumechelewa. Kisha aliziona zile chale.

"Wembe huo ulimchanja nani mwingine?"

Nilimwambia.

Alitueleza polepole. Kuna kirusi, kijidudu kisichoonekana kwa darubini yao pale hospitalini, kinachokaa kwenye damu na kuingia kwenye ini. Watu wazima wengi hukishinda wenyewe. Mtoto mdogo hushindwa nacho, kikakaa naye miaka ishirini, thelathini, na wataalamu wanazidi kuamini kuwa ndicho kinachoanzisha kansa ya namna hii.

"Dawa yake?"

"Bado haijapatikana."

Tulipomaliza matanga ya Limbu tulirudi hospitali, Bujiku na Tekla wakatolewa damu ipelekwe Dar es Salaam. Majibu yangechukua wiki sita. Wiki hizo niliogopa hata kumwogesha mwanangu. Kila nikimpaka sabuni, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe chini ya mbavu za kulia kutafuta uvimbe. Siku aliyokula boga, mdomo ukawa manjano, nilimfunua macho mara tatu.

"Unamkagua kama mnunuzi wa ng'ombe," Bujiku alisema. Alitaka nicheke, lakini yeye mwenyewe alikuwa halali usiku.

Majibu yalipofika nilikwenda peke yangu. Bujiku alikuwa salama. Tekla kirusi alikuwa nacho.

"Hii si hukumu," daktari alisema. "Wengi huzeeka nacho bila kuugua. Mlete kila mwaka tumpime. Na wembe uliomgusa usimguse mtu mwingine."

Niliisikia ile "wengi" nikawaza wale wachache. Ndani ya basi, kutoka Iringa hadi Igawa karibu na kwetu, nilikuwa nanoa maneno ya kumwambia Mayu. Nilitaka yamkate.

Nilimkuta anamenya karanga. Sikumpa hata shikamoo. Nilimwambia yote: kirusi, ini, wembe wake. Aliendelea kumenya mpaka nikanyamaza.

"Huyo mdudu anakaa miaka thelathini?"

"Ndiyo."

"Limbu amekufa akiwa na thelathini na moja." Aliweka ungo chini. "Kule Usukuma kaka yangu alivimba tumbo hivi hivi, macho manjano. Tukachanjwa wote, yeye kwanza. Limbu alikuwa bado ananyonya."

Nilijua jibu, lakini niliuliza. "Nani alimshika mkono?"

"Mimi."

Nilikuwa namwogopa mama huyu tangu niolewe, na sasa nilikuwa naogopa pamoja naye. Nikakaa chini kwenye mkeka.

Tekla akaja mbio, akapenyeza mkono wake wenye chale tatu kwenye ungo, akachota karanga. Mayu alimshika kidevu taratibu, akamgeuza uso kwenye jua. Na mimi nikainama kando yake, tukamtazama macho kama bado ni meupe.