Asumini Wakati wa Kusi

Siku ami yake alipotaja mbao, Ruqaiya alikuwa ameshika sinia la chai, na ajabu ni kwamba halikumponyoka.

"Jumatatu," Abdulhalim alimwambia pale kwenye ngazi, kwa sauti ya chini ili shemeji yake aliyekuwa ndani asisikie. "Nikipita chini Jumatatu nikauona mtandio wa mama yako, namleta fundi Katana na mbao. Roshani naiziba yote, juu mpaka chini. Mke wa ndugu yangu yumo edani. Haiwezekani vibarua wa ng'ambo wakae wakimtazama akinywa chai."

Vibarua wenyewe hawakuwa na kosa. Jumba jipya lilikuwa likipanda upande wa pili wa barabara, na wiki ile lilikuwa limefika ghorofa ya pili, sawasawa na roshani yao. Zamani pale palikuwa na paa la makuti na anga tupu, na hakuna aliyewahi kuwaza habari ya kuonekana.

"Ami, mimea itashika tena. Nipe muda."

"Nimekwisha kukupa. Mpaka Jumatatu."

Akaweka kofia yake sawa, akashuka. Abdulhalim hakuwa mtu wa maneno mengi. Lililo baya zaidi ni kwamba hayo machache aliyoyasema aliyatenda.

Ruqaiya alisimama pale mpaka chai ikapoa. Baba yake, marehemu Stambuli, alifariki mwezi wa tatu, na mama yake, Bi Kaltuma, akaingia eda: miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani, hajipambi, haonekani na wanaume wa kando. Hayo yote Bi Kaltuma aliyapokea bila kunung'unika. Kilichomshinda ni chakula. Wiki ya kwanza, nyumba ilipojaa wanawake wa matanga hata asiweze kufika roshanini, siku nne nzima alikula tende tatu, mpaka akaletwa muuguzi kumtundikia dripu kitandani. Wanawake walipoondoka ndipo alipotoka nje baada ya asri, akakaa kwenye mkeka wake nyuma ya asumini, akanywa chai na kula kipande cha mkate. Tangu siku hiyo hakula penginepo.

Asumini zile alizipanda Stambuli mwenyewe, madebe matano, akazitandazia waya kutoka ukingoni mpaka darini. Zilipanda zikawa ukuta. Mtu aliyekaa nyuma yake aliona bahari kwa vitobo vya majani, na yeye haonekani. Sasa madebe matatu yalikuwa yamekufa, majani yamegeuka rangi ya kahawia na kupukutika, moja baada ya jingine, tangu kusi lilipoanza kuvuma. Ruqaiya alijaribu kutundika shuka. Kusi liliichana siku ileile na kuitupa kwenye nyaya za umeme, ambako ilipepea wiki mbili kuwachekesha watoto. Zilibaki asumini mbili tu, zile za pembeni, juu ya mkeka.

Habari ya mbao hakumwambia mama yake. Angemwambiaje? Mgonjwa haelezwi kwamba dirisha lake linakuja kuzibwa. Alikata shauri kwamba mbao hizo hazitaingia nyumba ile, na mama hatajua hata kwamba zilitajwa.

Jumamosi alikwenda Tezo, kwa Damaris, mama wa Kigiriama anayeuza miche kando ya barabara. Alibeba tawi lililokauka na gao la udongo, amevifunga kwenye gazeti.

"Nataka mimea ya kuhimili kusi," alisema. "Roshani yetu yatazama bahari. Kusi limeniulia kila kitu."

Damaris alijifuta mikono kwenye leso, akalishika lile tawi, akaligeuza upande huu na huu. Kisha akaubana udongo kwa vidole viwili, akauweka kwenye ulimi, akatema.

"Hili si kusi, mwanangu."

"Ni kusi, mama. Laja na chumvi ya bahari kila siku."

"Kusi naliishi nalo tangu nizaliwe. Kusi huchoma majani upande mmoja, ule unaolitazama. Tawi lako limekauka pande zote, na lilianza kufia chini. Hapa, onja." Akamtia udongo kiganjani. Ruqaiya aliona haya, lakini akaonja. Ulikuwa na chumvi ya kukunja uso. "Mwanyweshea maji gani?"

"Matamu. Ya dumu, ya mkokoteni. Baba hakukubali kabisa maji ya chumvi ya kisima yazikaribie asumini zake."

"Basi yuko aliyekubali," Damaris alisema, kisha, kwa kuwa alikuwa muungwana, akageuza maneno na kuanza kumwonyesha miche.

Alimpitisha baina ya safu. Mshubiri, wenye kujiwekea maji yake ndani ya majani. Mkonge mdogo wa chunguni, ambao alisema hata ukiukosea adabu utaishi. Boganvilia, ambayo kusi huipukutisha maua lakini haliiui. Mtambaazi wa ufukweni wenye majani mazito, ambao kwao hasa ni mchangani na chumvi ndiyo chakula chake. Ruqaiya alinyoosha mkono kwenye mrehani, Damaris akaupiga kofi dogo.

"Huo wa nini? Siku mbili tu, utanirudia walia."

"Hii boganvilia itachukua muda gani kupanda mpaka juu?"

"Ukiilisha vizuri, Disemba."

Kwa hiyo mimea yote hii ingezuia macho ya watu kuanzia Disemba, na eda ya mama ingekwisha kabla. Zile asumini mbili zilizobaki ndizo zilizokuwa na kazi, na kuna mtu alikuwa akiziua.

Njia nzima aliwaza ni nani. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Wa tatu, aliyekuwa na ufunguo, alikuwa Abdulhalim. Kila asubuhi alikuja na mikate, akaiweka kwenye meza ya ushorobani, hatua mbili kutoka mlango wa roshani na hatua tatu kutoka bomba la maji ya kisima. Hakuingia ndani alikokuwa shemeji yake, aliheshimu mipaka. Lakini alichelewa kushuka. Ruqaiya aliwahi kumsikia akifungua mlango wa roshani. Wala hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu avuke mji mzima na mikate inayofika imekwisha kupoa. Sasa alijiuliza, na jibu alilolipata lilimtia baridi. Mtu anayetaka kuziba roshani hahitaji kugombana na yeyote. Atangoja tu asumini zife.

Jumapili alipanga vyungu vyake vipya ukingoni, uso umekunjamana. Bi Kaltuma alisimama mlangoni na mtandio wake mweupe, amekonda kuliko alivyokuwa mwezi uliopita. Akainama, akaunusa mshubiri, akainusa boganvilia.

"Hizi hazina harufu."

"Hazina, mama."

"Vizuri," mama alisema, akaenda kukaa mahali pake. Ruqaiya alidhani anamsifu kwa kazi, akafurahi.

Jumatatu asubuhi, jua limekwisha kupanda, alikuwa jikoni aliposikia ufunguo mlangoni. Akasikia mikate ikiwekwa mezani. Akasikia mlango wa roshani. Alitoka kwa vidole vya miguu, akachungulia.

Abdulhalim alikuwa amesimama mbele ya asumini ya pembeni, amempa mgongo, ameinamia majani. Chini barabarani Katana alikuwa ameegemea mkokoteni wenye mbao, akingoja amri. Ruqaiya alitazama debe: udongo ulikuwa umelowa, na maji kidogo yaliyomwagika yangali sakafuni. Yeye hakuwa amenyweshea. Alijongea, akachutama, akachovya kidole, akaonja.

Chumvi tupu.

Kuna maneno ambayo binti aliyelelewa vyema hamwambii ndugu wa baba yake. Ruqaiya aliyajua yote, na aliyasema yote.

"Ni wewe! Ni wewe unayeziua! Waja hapa na mikate kila siku kumbe waja na chumvi. Baba hata kaburi lake halijakauka vizuri nawe wamuulia mimea yake, ili umfungie mama kwenye sanduku! Kwa nini usimzike naye moja kwa moja?"

Abdulhalim aligeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu na macho yamelowa, jambo ambalo Ruqaiya hakulitarajia, na likazidi kumghadhibisha.

"Ruqaiya," alisema polepole. "Angalia unalolisema."

"Nimeangalia! Nimeonja!"

"Si yeye."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la mlango wa chumbani. Pazia halikutikisika.

"Mwache ami yako, mwanangu. Ni mimi."

Ng'ambo kibarua mmoja alikuwa akigonga msumari, akagonga mpaka akamaliza.

"Mama, wewe?"

"Wanawake wa matanga waliniambia kizuka, mke aliye edani, haguswi na manukato. Nikauondoa udi. Mafuta mazuri nikayafungia sandukuni. Lakini asumini sikuweza kuifungia. Kila jioni ikichanua nilikuwa nafurahi. Wajua kufurahi? Nilisahau kwamba Stambuli hayupo. Siku moja nikajikuta nimemtilia chai, kikombe cha pili kile pale, chamngoja. Nikajiona mwenye dhambi. Mume hana hata miezi mitatu kaburini, nami nakaa nacheka na maua. Basi kila alfajiri, baada ya kusali, natia kopo moja la kisima. Nilitaka zife kidogokidogo, wewe useme ni kusi."

"Mbona hukunambia?"

"Nawe mbona hukunambia habari ya mbao? Hivi sasa ndio naijua, kwa kuchungulia dirishani."

Ruqaiya alimgeukia ami yake, akataka kuushika mkono wake aubusu, kama inavyompasa aliyekosa, na Abdulhalim akaurudisha nyuma.

"Umenichoma leo," alisema. "Sitasema hukunichoma. Huo mkono utaubusu, lakini si sasa."

Kisha akaligeukia pazia, na alipozungumza tena ilikuwa taabu kuitambua sauti yake.

"Shemeji. Mlangoni kwangu kuna duka la mikate, yatoka motoni. Nanunua pale, navuka nayo mji, yafika baridi. Hamkujiuliza?" Akakunja vidole kwenye tawi lililobaki na maua machache. "Kanzu zake tuliwagawia watu. Chumba kimefukizwa. Hapa ndipo mahali pekee ambapo ndugu yangu bado ananukia. Naja nasimama kidogo, naondoka. Kama ni dhambi basi tu wawili."

Nyuma ya pazia Bi Kaltuma alilia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Ruqaiya naye alilia pale alipochutama, mkono ungali na udongo.

Abdulhalim alijifuta uso kwa kofia yake, akaivaa tena, na pamoja na kofia akavaa ule ukali wake wa kila siku.

"Kuhusu manukato tutamuuliza mwenye elimu, si wanawake wa matanga. Lakini kuhusu kuonekana, sijabadilika. Moja hii imepukutika nusu. Zikishika, kila mtu anyamaze. Zikifa, naziba." Akainama ukingoni. "Katana! Rudisha mbao nyumbani kwangu. Ziweke pakavu."

Akashuka, bila kuaga. Mikate ilibaki mezani.

Mlango wa chini ulipofungwa ndipo pazia lilipofunguka. Bi Kaltuma alitoka, mtandio umefunika mpaka kwenye nyusi, akapita vyungu vya mshubiri na mkonge bila kuvitazama, akaenda kupiga magoti mbele ya lile debe. Alichungua shina na majani kwa muda mrefu.

"Maji matamu yamebaki?"

"Madumu mawili, mama. Ndiyo ya kupikia mpaka kesho."

"Lete moja."

Walilimimina pamoja, mama ameshika mdomo wa dumu, binti ameshika chini, polepole, udongo ukinywa na kunywa. Walimimina mpaka likaisha na maji yakaanza kutoka kwenye tundu la chini ya debe. Bi Kaltuma alikinga kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Bado chumvi," alisema. "Lete la pili."